Namna ya Kuusoma Mkojo wa Mtoto: Mwongozo kwa Wazazi na Walezi wa Tanga

Mama zetu, waliokuwa wakifua mawinda ya watoto kila asubuhi na kuyaanika kwenye kamba uani, walijua rangi, harufu na wingi wa mkojo wa kila mtoto bila kufundishwa na mtu. Nepi za kutupa zimetupunguzia kazi hiyo, nami siwalaumu wanaozitumia, lakini zimetuondolea pia mazoea ya kutazama. Ndiyo maana mzazi wa leo anapoulizwa na daktari mtoto wake amekojoa mara ngapi tangu jana, mara nyingi hana jibu. Nimefanya kazi ya uuguzi wa watoto hapa Tanga kwa miaka mingi, na kama ningeruhusiwa kuifundisha kila nyumba jambo moja tu kuhusu figo, ningefundisha hili: figo za mtoto huweza kuugua kwa muda mrefu bila kumuuma, na habari zake za mapema hupatikana kwenye mkojo.

Figo ni mbili, zimekaa nyuma ya tumbo, usawa wa mbavu za chini, na kila moja ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Mtoto huzaliwa navyo vyote, na kichujio kilichokufa hakioti tena. Kwa hiyo kinachopotea akiwa na umri wa miaka mitatu kwa sababu ya ugonjwa uliochelewa kutambuliwa, atakikosa maisha yake yote.

Anza kwa kuujua mkojo wake wa siku zote

Mtoto mchanga hutarajiwa kukojoa ndani ya saa 24 za kwanza. Saa 48 zikipita hajakojoa, arudishwe alikozaliwa bila kusubiri ushauri wa jirani. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku nzima. Madoa ya rangi ya matofali yanayoonekana kwenye nepi katika siku za mwanzo huwa ni chembechembe za mkojo mzito wala si damu, na tiba yake ni kumnyonyesha mara nyingi zaidi. Yakiendelea baada ya wiki ya kwanza, aonwe na mtaalamu.

Kwa mtoto aliyekwisha kukua kidogo, kipimo tunachotumia wodini ni mililita moja ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa. Mtoto wa kilo 10 basi hutoa takribani mililita 240 kwa siku, yaani kama glasi moja ya maji. Akitoa chini ya nusu ya hapo, ama amepungukiwa maji, ama figo zenyewe zina hitilafu, ama mkojo umeziba mahali fulani, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalofaa kungojwa hadi kesho. Nyumbani si lazima upime kila tone. Inatosha kujua kwamba mtoto mgonjwa aliyekaa muda wa saa sita hadi nane mfululizo wakati wa mchana bila kukojoa yumo hatarini.

Mkojo utazamwe kwa mwanga wa jua, mlangoni au dirishani, ukiwa ndani ya kikopo cheupe au kinachopenyeza mwanga, kwa sababu taa ya umeme hubadilisha rangi. Kwa mtoto wa nepi, mtandikie ndani ya nepi kipande cheupe cha pamba kilichofuliwa vizuri, na siku moja tu ya kufanya hivyo itakuonyesha mengi. Manjano iliyofifia ni mkojo wa mtoto aliyekunywa maji ya kutosha, na manjano iliyokolea kama asali ni mkojo wa mtoto mwenye kiu. Rangi ya chai ya rangi, ya kahawa au ya soda ya kola huashiria damu iliyotoka figoni au chembe nyekundu zilizopasuka ndani ya mwili, kama inavyotokea katika malaria kali, na mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wekundu unaojitokeza mwishoni mwa kukojoa mara nyingi hutoka kwenye kibofu. Povu linaloendelea kukaa juu ya mkojo kwa dakika kadhaa, kama povu la sabuni lisilotaka kuvunjika, hutufanya tushuku kwamba protini inavuja. Harufu kali peke yake, bila homa wala maumivu, si ugonjwa.

Kabla ya kuingiwa na hofu, kumbuka alichokula na dawa anazotumia. Biti ruti huweza kuufanya mkojo kuwa wa waridi, na mtoto anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu atakojoa mkojo wa rangi ya chungwa kila siku bila ya kuwa na tatizo lolote la figo.

Homa na neno «UTI»

Hakuna ugonjwa unaotajwa kwa wepesi katika maduka yetu ya dawa kama UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na hakuna unaopimwa kwa uzembe kama huo. Mtoto akichemka mwili, mzazi huambiwa ana malaria na UTI, hupewa dawa za kuua bakteria, na wiki tatu baadaye huambiwa kwamba UTI imekuwa sugu. Huenda hakuwahi kuwa nayo. Upande wa pili wapo watoto wachanga wenye maambukizi ya kweli ya figo, ambao hawana dalili yoyote ya mkojo isipokuwa homa, kutapika, kukataa ziwa, kulialia au umanjano wa macho usiokwisha, na hao hutibiwa malaria peke yake hadi figo inapopata kovu. Makosa haya mawili yanatoka mahali pamoja: mkojo haukupimwa, au ulipimwa ukiwa mchafu.

Wadudu wanaosababisha maambukizi haya kwa sehemu kubwa ni bakteria wa kawaida wa utumbo mkubwa, ambao hupanda kutoka kwenye ngozi ya nje kupitia mrija wa mkojo. Katika miezi ya mwanzo ya maisha wavulana huambukizwa zaidi, hasa wasiotahiriwa. Baada ya mwaka wa kwanza wasichana huwapita, kwa kuwa mrija wao ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa. Mtoto anayeweza kusema atalalamika kwamba mkojo unachoma, atakwenda chooni mara kwa mara na kutoa matone, au ataanza tena kujikojolea ilhali alikwisha kuacha. Akiwa na homa, kutapika na maumivu ya ubavuni au mgongoni, ujue maambukizi huenda yamefika kwenye figo.

Namna ya kuchukua mkojo ndiyo inayoamua ukweli wa jibu, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Omba kikopo kisafi chenye mfuniko kutoka maabara. Usitumie chupa ya dawa wala kopo la jemu hata kama umelichemsha, maana mabaki ya sukari na sabuni huharibu kipimo. Nawa mikono. Msafishe mtoto sehemu za siri kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, suuza vizuri, kisha mkaushe. Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma, na mvulana asiyetahiriwa asivutwe govi kwa nguvu, kwa sababu kwa watoto wadogo kushikana kwa govi ni maumbile na kulivuta humjeruhi. Mtoto mkubwa aanze kukojoa chooni, kisha kikopo kiletwe katikati ya mkondo bila kugusa ngozi, na kiondolewe kabla hajamaliza.

Kwa mtoto mchanga kazi hii inataka watu wawili na subira. Mnyonyeshe, subiri kama dakika 20 au 25, kisha msafishe. Mmoja amshike chini ya makwapa, miguu ikining'inia. Mwingine agonge taratibu kwa ncha za vidole sehemu ya chini ya tumbo, juu kidogo ya mfupa wa kinena, kwa mwendo wa karibu mara 100 kwa dakika, kwa nusu dakika hivi, kisha amsugue kwa dole gumba sehemu ya chini ya mgongo pande zote mbili za uti kwa nusu dakika nyingine. Rudieni hivyo kwa zamu hadi dakika tano. Wengine hufanikiwa zaidi kwa kumpapasa tumbo la chini kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Mkojo ukianza kutoka, acha matone ya kwanza yaanguke, kisha kinga yanayofuata. Mfuko wa plastiki unaobandikwa kwenye ngozi hurahisisha kazi, lakini mkojo wake huchanganyika na bakteria wa ngozi. Ukionyesha kwamba hakuna tatizo unaweza kuaminika, ila ukionyesha maambukizi inabidi kipimo kirudiwe kwa mkojo uliokingwa vizuri au uliotolewa na mtaalamu kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni.

Mkojo ufike maabara ndani ya saa moja. Katika joto la pwani yetu bakteria wachache huzaliana haraka ndani ya kikopo na kuonekana kama maambukizi makubwa. Usipoweza kuuwahisha, uweke kwenye jokofu, si kwenye sehemu ya kugandishia, na umweleze mtaalamu wa maabara saa ulipochukuliwa. Anayetoka mbali, kama Tongoni au Mabokweni, ni afadhali mtoto akojolee hukohuko hospitali kuliko kusafirisha kikopo kwenye bajaji wakati wa jua la mchana.

Maabarani, kijiti cha rangi kitachovywa ili kutafuta seli nyeupe za damu na naitraiti, kemikali inayoachwa na bakteria kwenye mkojo, na jibu hupatikana kwa dakika chache. Hata hivyo naitraiti huhitaji mkojo uliokaa kibofuni kwa saa nne hivi, na mtoto mchanga hukojoa kila mara, kwa hiyo kijiti kinaweza kuonyesha hakuna kitu wakati maambukizi yapo. Kipimo chenye uzito ni kuotesha mkojo, ambacho huchukua siku mbili au zaidi na hutaja aina ya bakteria na dawa inayomuua. Uliza kama kinapatikana, na uulize kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dozi moja tu ya dawa yaweza kuuharibu ushahidi. Usingojee kipimo hicho kwa mtoto mchanga aliye taabani. Mwenye umri chini ya miezi mitatu na homa ya nyuzijoto 38 au zaidi apelekwe hospitali moja kwa moja, mchana au usiku, na matibabu yake yasicheleweshwe kwa sababu ya kikopo.

Maambukizi yakithibitika, dawa humalizwa hata kama homa imeshuka siku ya pili. Kwa maambukizi yenye homa, dozi mara nyingi ni ya siku 7 hadi 10. Homa isiposhuka ndani ya saa 48, rudi na karatasi zako, usibadilishe dawa mwenyewe dukani. Maambukizi yakijirudia, ombeni altrasaundi ya figo na kibofu, na wakati huohuo chunguzeni mambo mawili ambayo wazazi hawayahusishi na mkojo. La kwanza ni kufunga choo: kinyesi kigumu kilichojaa huukandamiza mrija na kibofu, mkojo ukabaki, bakteria wakapata maskani. La pili ni kujizuia. Wako watoto wanaoondoka nyumbani alfajiri na kurudi alasiri bila kukojoa kwa kuchukizwa na choo cha shule. Mzoeshe mtoto kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu bila haraka, na uongee na mwalimu wake amruhusu kutoka.

Damu mwishoni mwa mkojo

Wako wazee wanaochukulia mkojo wa damu kwa mvulana kuwa ni dalili ya kukua. Katika ukanda wetu wa pwani, mtoto mwenye umri wa kwenda shule anayetoa damu mwishoni mwa kukojoa afikiriwe kwanza kuwa na kichocho. Vimelea hivi hutoka kwa konokono wadogo wa maji baridi na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, hasa katika saa za jua kali, mtoto anapooga, kuvua au kuchota maji kwenye madimbwi, majaruba na vijito vyenye majani na mkondo wa polepole. Bahari haina kichocho. Mtoto aliyeogelea Raskazone pekee hawezi kukipata huko, lakini aliyezoea kuoga mtoni au bwawani wakati wa likizo kwa bibi yake anaweza.

Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na hupatikana zaidi kwenye matone ya mwisho. Kwa hiyo hapa utaratibu ni kinyume cha ule wa UTI: mtoto atembee au acheze kidogo, kisha mkojo wa mwisho ndio ukingwe. Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo, dozi moja baada ya kula. Watoto wa shule hupimwa urefu kwa fimbo maalumu siku za kampeni na kupewa vidonge, na mzazi asimfiche mtoto nyumbani siku hiyo kwa kuogopa kichefuchefu. Wadogo zao wasiofikia umri wa shule husahaulika, nao huingia majini pamoja na mama. Wapelekwe kituoni wapimwe kwa uzito. Dawa hii haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo damu ikirudi baada ya wiki kadhaa, mtoto arudi kupimwa. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka hukifanya kibofu kuwa na makovu, huziba mirija inayotoka figoni, na ukubwani kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Mahali ambapo hakuna budi kutumia maji ya kijito kwa kuoga, yakichotwa bila konokono na kuwekwa kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili, vimelea hufa vyenyewe.

Mtoto anayevimba uso asubuhi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie zaidi, kwa sababu ni hapa tunapopoteza muda mwingi. Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mvulana wa miaka minne, aliyeletwa na shangazi yake kutoka upande wa Pangani. Alianza kwa kuvimba kope. Nyumbani waliita safura na kumpa dawa ya minyoo. Kisha, katika mwezi mmoja, alitibiwa UTI mara tatu kwa sindano, mahali ambapo sitapataja, bila mtu kuchovya kijiti kwenye mkojo wake. Alipofika kwetu tumbo lilikuwa limejaa maji na korodani zimevimba hata hawezi kutembea. Kijiti kilionyesha protini alama tatu (+++), yaani nyingi sana. Kipimo kilichukua dakika moja.

Ugonjwa ule hutokea figo zinapovujisha protini ya damu kwenye mkojo. Protini ikipungua mwilini, maji hutoka kwenye mishipa na kujaa chini ya ngozi. Huwapata zaidi watoto wa miaka miwili hadi sita, na wavulana kuliko wasichana. Dalili yake ni uvimbe wa macho unaoonekana asubuhi na kuhamia miguuni jioni, nguo za ndani kuacha alama kiunoni, uzito kuongezeka haraka bila mtoto kula zaidi, na mkojo wenye povu. Mtoto haumwi, hucheza, na watu husema amenawiri. Ukiona kope zimevimba siku mbili mfululizo, neno la kusema mapokezi ni hili: «Naomba mtoto apimwe protini kwenye mkojo.»

Wengi hupona kwa predinisoloni, ambayo hutolewa kila siku kwa wiki nne hadi sita, kisha siku moja kwa kuruka moja kwa wiki nyingine kadhaa. Apewe asubuhi baada ya chakula. Uso utakuwa wa mviringo, njaa itazidi na hasira zitakuwa karibu. Hayo hupungua dozi inapopungua, na si sababu ya kuacha dawa. Kuikatisha ghafla ni hatari kubwa, maana mwili uliozoea dawa hiyo husahau kwa muda kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtoto anaweza kuzimia akipata homa ndogo tu. Hakikisha dawa haiishi ndani siku za sikukuu.

Chakula ni hichohicho cha nyumbani, ila chumvi ipunguzwe sana wakati wa uvimbe, na kwetu pwani hilo lina maana mahususi: papa mkavu, ng'onda na dagaa wa chumvi visiingie kwenye sahani yake, wala vidonge vya mchuzi, wala krispi za dukani. Samaki mbichi aliyepikwa kwa ndimu, kitunguu na nazi anafaa. Hakuna haja ya kumshindilia mayai ili kurudisha protini, kwa kuwa itavuja tu mpaka figo zitulie. Maji yasipunguzwe ila kwa agizo la daktari.

Nunua daftari na, ukiweza, kichupa cha vijiti vya kupimia mkojo. Kila asubuhi andika tarehe, uzito, alama ya protini na dozi uliyotoa. Protini ikitoweka siku tatu mfululizo, ugonjwa umetulia. Ikirudi alama tatu au zaidi kwa siku tatu mfululizo, umerudi, na unatakiwa uende kliniki kabla uso haujavimba. Kurudi kwake ni jambo la kawaida kwa watoto wengi, na si kosa la mama wala si kijicho cha mtu. Homa yenye maumivu ya tumbo, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kutapika na kuharisha wakati wa uvimbe ni dharura. Mweleze pia muuguzi wa chanjo kwamba mtoto yumo kwenye dawa hii, kwa sababu chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, huenda zikaahirishwa.

Uko uvimbe mwingine unaofanana na huu usoni lakini mkojo wake ni wa rangi ya kola na hutoka kidogo. Huo huja wiki moja hadi mbili baada ya koo kuuma, au wiki tatu hadi sita baada ya vidonda vya ngozi vyenye usaha, na huwapata zaidi watoto wa shule. Upele unaowasha usiku, ukikunwa mpaka ukatunga usaha, unaweza kuishia figoni kwa njia hii, kwa hiyo kuitibu nyumba nzima upele ni kuzilinda figo. Hatari ya ugonjwa huu ni shinikizo la damu. Mtoto mwenye uso uliovimba anayelalamika kichwa, kutapika au kuona ukungu anaweza kupata degedege, na degedege hilo halitokani na shetani wala ndege wa usiku. Apimwe presha kwa kitambaa kinachotosha mkono wa mtoto. Wengi wao hupona kabisa ndani ya wiki chache wakihudumiwa mapema.

Mvulana mwenye mkojo dhaifu

Mtazame mvulana mchanga anapokojoa. Mkojo wake unapaswa kuruka kwa mkondo. Ukidondoka matone tu, akikaza mwili na kulia, na tumbo la chini likawa gumu kama chungwa, huenda ana kizuizi cha kuzaliwa nacho ndani ya mrija, ambacho husukuma mkojo nyuma na kuzibomoa figo kimyakimya. Tiba ni mpira, altrasaundi, kisha upasuaji. Tohara peke yake haitibu hilo.

Unavyoweza kuzilinda figo nyumbani

Kuharisha ni sababu kubwa ya figo za mtoto kusimama ghafla. Pakiti ya chumvichumvi za kuongeza maji ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, na mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa vijiko au kikombe, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Najua imani yetu katika madafu. Dafu ni zuri kwa mtoto asiyeumwa, lakini lina sodiamu kidogo na potasiamu nyingi, kwa hiyo halichukui nafasi ya pakiti ile, na kwa mtoto ambaye figo zake zimeacha kutoa mkojo potasiamu hiyo inaweza kusimamisha moyo.

Mtoto aliyekaukiwa maji asipewe ibuprofeni wala diklofenaki kwa ajili ya homa. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito inatosha. Sindano za jentamaisini, dawa ya kuua bakteria, zinaokoa maisha zikitolewa kwa kipimo na siku zilizopangwa, na zinaumiza figo zikichomwa kiholela. Dawa za maji za kikohozi zisizojulikana zilikotoka ziepukwe kabisa: mwaka 2022 nchini Gambia watoto wapatao 70 walifariki kwa kushindwa kwa figo, na dawa za maji zilizochafuliwa na kemikali za kiwandani ndizo zilizohusishwa na vifo hivyo. Nunua duka lenye kibali, soma jina la mtengenezaji, na ukiona dawa imebadilika rangi au haina lebo ya kueleweka, irudishe. Kuhusu miti shamba, mimi siwadharau waganga wetu, lakini figo ya mtoto wa mwaka mmoja haiwezi kubeba dawa ambayo hakuna anayejua nguvu yake katika kijiko kimoja.

Mtoto mwenye seli mundu ahesabiwe katika kundi la kuangaliwa zaidi. Figo zake hushindwa kuukoleza mkojo, hivyo hukojoa sana, hukaukiwa haraka na huenda akaendelea kukojoa kitandani kwa miaka. Kukojoa kitandani kwa mtoto mwingine yeyote wa chini ya miaka mitano ni kawaida, na wengi huacha wenyewe baadaye. Kumchapa au kumtembeza na godoro hakumsaidii. Aliyeacha kwa miezi mingi kisha akaanza upya, hasa akinywa maji kupita kiasi na kukonda, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Mkiandikiwa rufaa

Kutoka zahanati mtapelekwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, kisha Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na baadhi ya watoto huendelea hadi KCMC Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam, kwa ajili ya kipande cha figo kuchunguzwa, upasuaji, au kusafishwa damu. Chukueni daftari la kila siku, kadi ya kliniki yenye uzito wa tangu kuzaliwa, majibu yote ya maabara na altrasaundi, na makasha ya dawa zote alizotumia, zikiwemo za dukani na za kienyeji. Msizifiche kwa aibu, maana daktari anahitaji kujua kilichoingia mwilini. Dawa za siku tatu ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiwe kwenye buti la basi.

Safari ya Dar es Salaam ni ya kilomita takribani 350, na nimewaona wazazi wanaomnyima mtoto maji tangu alfajiri ili asisumbue njiani. Msifanye hivyo. Isipokuwa daktari amempimia kiasi maalumu, mpeni anywe kidogo kidogo kama siku zote, mwambieni kondakta mapema kwamba mna mtoto mgonjwa wa figo, na basi likisimama Segera mteremsheni akojoe kwenye kikopo, mtazame rangi, kisha muandike saa.